Huruma Tuliyomwombea Espe

Mzee Athumani tulimzika Jumatano, na khitma yake ikasomwa Jumapili, Mayfair, katika ukumbi ulio juu ya duka la mapazia. Sisi wanawake tulikaa upande wa nyuma, tumegawiwa juzuu, na harufu ya pilau ilikuwa inapanda kutoka uani hata kisomo hakijafika nusu. Nilikuwa nimeshamaliza juzuu yangu alipoingia mwanamke mrefu, kitambaa kakifunga kichwani kwa namna ya mtu asiyekizoea, akavua viatu, akatafuta pa kukaa. Wasichana wa siku hizi hawakumjua. Mimi nilimjua kabla hajageuza uso, kwa vidole vyake: virefu, vimepinda kidogo kwenye viungo vya mwisho, vidole vya msusi. Baada ya dua tukasalimiana. "Dada Salma," akasema, "umezeeka vizuri." Nikamwambia naye vilevile. Akauliza, "Bado uko unaandikia watu barua?" Nikajibu kwamba naandika, mara mojamoja. Akatikisa kichwa, akapokea sahani yake, akaenda kukaa na watu wengine. Hayo tu ndiyo tuliyoambiana, baada ya miaka zaidi ya ishirini na tano. Nimekaa wiki nzima nayo, nimeona heri niuandike ule mwaka kama ulivyokuwa, bila kujipunguzia.

Jinsi nilivyotoka Tanga nikafika huku kusini mwa Afrika, na kwa nini, si habari ya sura hii. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, cheti cha uhazili, na nusu ya chumba mtaa wa Yeoville, ghorofa ya pili, juu ya fundi wa redio. Chumba kilikatwa katikati kwa shuka la maua. Upande wa dirishani alikaa Espe, Mrundi wa Bujumbura, miaka kumi na tisa, na upande wa mlangoni nilikaa mimi. Jina lake kamili lilikuwa Espérance, lakini hapakuwa na mtu mwenye muda wa kulimaliza. Alifanya kazi saluni ya Mama Bijou, Mkongo wa Lubumbashi, mtaa wa pili kutoka kwetu, na jioni alirudi na nyuzi za nywele bandia zimemganda kwenye sketi. Tulipika kwa zamu kwenye jiko moja la umeme. Zamu yake ilikuwa ndagala za kukaanga, dagaa wa kwao, na maharage, yangu ilikuwa wali wa nazi ya kopo. "Nyinyi watu wa pwani," alikuwa akisema, "hata maji ya kunywa mngeweza mngetia nazi." Nami nilimwambia ndagala zake zinanuka mpaka kwenye robot, yaani taa za barabara kubwa, magari yanasimama taa ikiwa ya kijani. Usiku, shuka likiwa limeshushwa, nilimsikia akisoma Kiingereza kwa sauti, neno baada ya neno, kutoka kitabu cha huduma ya kwanza. Alikuwa amepata nafasi katika chuo cha wauguzi wasaidizi, kuanzia muhula wa pili. Barua ya chuo aliibandika ukutani kwa gundi ya nywele.

Mimi nilifanya kazi Doornfontein, kwa bibi mmoja wa Kizungu aliyestaafu kufundisha historia. Tulimwita Daktari Hilda. Chumba chake kilikuwa juu ya karakana ya washona sare, na mchana kutwa sakafu ilitetema kwa cherehani. Alikuwa anaandika kitabu kuhusu watoto wezi wa Uingereza ya zamani, karne ya kumi na tisa, na ameletewa kutoka huko masanduku ya nakala za barua: barua za kuomba huruma. Mtoto ameiba leso, au mkate, au jozi ya viatu vya mtu, amehukumiwa kupelekwa Australia kwa meli miaka saba, na mama yake, au jirani anayejua kuandika, anamwandikia waziri kuomba asamehewe. Kazi yangu ilikuwa kuzisoma zile hati zilizokongoroka na kuzipiga chapa kwenye kompyuta. Siku za kwanza nilizisoma kama mashine. Baadaye nikaanza kuwasikia. Zote zilijengwa kwa namna moja: kwanza mwombaji anainama mpaka chini, kisha anakiri kosa la mtoto, kisha analaumu marafiki wabaya, kisha anataja ujane wake au ugonjwa wa baba, na mwisho yanafuata majina ya wanaomdhamini: mchungaji, mwoka mikate, fundi viatu, na wasiojua kuandika wameweka alama ya msalaba. Nyuma ya kila barua karani ameandika uamuzi, kwa neno moja au mawili. Mara nyingi neno lenyewe lilikuwa moja tu: hakuna. Maana yake hakuna litakalofanywa.

Mimi ni mtu wa kupanga vitu. Bila kutumwa, nilichora jedwali katika daftari langu: nani aliandika, alisema nini, alijibiwa nini. Baada ya miezi michache nilikuwa na jambo ambalo nililiona ni elimu. Waliokiri, baadhi yao walipunguziwa. Waliobisha, waliosema mtoto wangu hakuiba, mmemshika siye, hao nyuma ya barua zao palikuwa na lile neno moja. Nakumbuka mama mmoja aliyeandika mara tatu kwamba bata aliyekutwa kwake alikuwa bata wake mwenyewe, amemlea tangu kifaranga. Nililia nikiipiga chapa barua yake ya tatu, kisha nikapangusa macho nikamwingiza kwenye jedwali, safu ya waliobisha.

Espe alikamatwa mwezi wa nne, Jumamosi asubuhi, katika duka moja la jumla la nywele katikati ya jiji. Habari tuliletewa na msichana wa saluni aliyemfuata akamkuta ameshashikwa: mlinzi wa mlangoni alifungua mfuko wa Espe akakuta pakiti tatu za nywele ambazo hazimo kwenye risiti. Espe alieleza palepale, na akaeleza tena polisi, kwamba pakiti zile aliingia nazo. Kila msusi anajua jambo hili. Kichwa kikishaanzwa na nywele za rangi fulani, huwezi kukimalizia kwa nyingine iliyofanana kwa macho tu. Unachukua pakiti uliyonayo, unakwenda nayo dukani, unaifananisha kwenye mwanga wa mlangoni. Mlinzi alitakiwa abandike karatasi ndogo kwenye pakiti alipoingia nazo. Hakubandika, na alipoulizwa akasema hakuona kitu. Aliyeweza kusema pakiti ni za nani alikuwa Mama Bijou peke yake, naye alikuwa Lubumbashi kwenye msiba wa mama yake, asirudi mpaka arobaini ipite. Simu ya huko tuliipiga mara nyingi. Iliita kama iko chini ya maji, kisha ikakatika.

Nilikwenda kwa Mzee Athumani. Alikuwa fundi cherehani kutoka Dar es Salaam, mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana, na mtu akipata jambo lolote, liwe kifo au kibali cha kukaa, mguu wa kwanza ulikuwa kwake. Nikamweleza habari ya jedwali langu. Alinisikiliza mpaka mwisho, tepu ya kupimia shingoni, akasema, "Unaona? Hata Wazungu wenyewe zamani walijua. Mtu ukikosana na mwenzio unakwenda kwake na wazee, unakiri, unaomba radhi. Ukianza kwa kubisha, atakuonea huruma gani?" Ndivyo tulivyolelewa sisi, yeye na mimi. Kwetu radhi hutangulia, maelezo hufuata baadaye watu wakishapoa. Wala haikutupitia akilini kuwa mahakama haipoi.

Barua niliiandika usiku mmoja. Nasema kwa uchungu kwamba ni barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Kuinama kulikuwepo, kukiri kulikuwepo, marafiki wabaya walikuwepo, ingawa Espe hakuwa na rafiki zaidi yangu. Mzee Athumani akaizungusha baada ya sala ya Ijumaa na tena Jumapili mlangoni mwa kanisa la Warundi. Watu walisaini juu ya boneti za magari, juu ya migongo ya wenzao. Wengine walitia dole gumba. Mama mmoja muuza vitumbua aliuliza, "Kwani kaiba nini?" Akajibiwa, "Wewe saini, tunamtoa mtoto." Akasaini.

Ilibaki sahihi ya Espe mwenyewe. Tulikwenda gerezani, mimi na Mzee, tukakaa kwenye benchi mbele ya kioo. Nywele zake alikuwa amezifumua zote, kichwa kimekuwa kidogo. Nikamsomea barua. Nilipofika pale pa kukiri akaniinulia mkono.

"Dada Salma, hapo umekosea. Miye sikuiba."

"Najua unasema hivyo."

"Sisemi hivyo. Ni hivyo. Mumgojee Mama Bijou."

Nikamweleza: akibisha, kesi itaahirishwa, atakaa mle ndani wiki na wiki, na chuo kinafunguliwa. Nikamwambia nimesoma barua nyingi mno, ninajua zipi hujibiwa. Mzee Athumani akasogea karibu na kioo, akasema kwa upole wake ule ambao watu wote walimpendea, "Binti yangu, muungwana akivuliwa nguo huchutama."

Espe akamtazama. "Lakini baba, mimi hakuna aliyenivua. Nyinyi ndiyo mko mnanivua."

Mzee akacheka, kwa sababu lilikuwa jibu zuri. Nami nikatabasamu. Askari akasema muda umebaki dakika chache. Sijui ni lipi lililomshinda, kama ni ile barua ya chuo aliyoiacha ukutani, au ni kutuona tumetoka Yeoville kwa teksi mbili kwa ajili yake. Akasema, "Leteni." Barua ikapitishwa kwa askari, akasaini, jina lake zima, Espérance, bila kukata herufi.

Mahakamani ilichukua muda mfupi kuliko kupika ugali. Wakili aliyepewa na serikali, kijana mwenye mafaili mpaka kidevuni, alifurahi kuona kazi imeshafanywa. Espe akajibu "ndiyo" pale alipofundishwa. Hakimu, mwanamama mwenye miwani, aliisoma barua yetu taratibu, akageuza ukurasa akahesabu majina kwa ncha ya kalamu. Akasema ameguswa. Akasema ni nadra kuona jamii ya wageni inasimama hivi na kijana wake. Akampa kifungo cha nje na kumwonya. Kule nyuma watu wetu walishangilia mpaka karani akawanyamazisha. Mzee Athumani alinishika mkono barazani, akasema, "Salma, kalamu yako ina baraka." Jioni tulipika pilau uani, ng'ombe kilo nyingi, na watu wakala wamesimama kwa kukosa viti. Espe alikaa kwenye ngazi na sahani magotini. Alikula nyama, wali akauacha. Nilidhani ni uchovu.

Jumatatu nilimsimulia Daktari Hilda, tangu mwanzo hadi mwisho, na jedwali nikamwonyesha. Nilitaka anisifu, sifichi. Alilipitia, kidole kikishuka safu ya waliobisha, cherehani za chini zikilia. Kisha akaniuliza, "Na huyo msichana, aliiba?"

Katika wiki zile zote, niliuliza Espe anataka nguo gani ya mahakamani, niliuliza jina la baba yake linavyoandikwa, niliuliza anakula nini mle ndani. Hilo moja sikumwuliza. "Anasema hakuiba," nikajibu.

"Basi hakuwa na cha kuombewa huruma," akasema. Akarudi kwenye karatasi zake. Nilimkasirikia siku nzima. Niliona ni rahisi kusema hivyo mtu ukiwa na pasipoti ya hapa na chumba chenye masanduku ya vilio vya watu waliokwisha kufa.

Mama Bijou alirudi mwezi wa sita, kavaa nguo nyeusi, sauti imekauka kwa kulia. Alisimuliwa habari yote saluni, mteja akiwa amesukwa nusu kichwa. Nilikuwepo, nimekuja kusukwa. Alimwacha mteja, akaingia chumba cha nyuma, tukasikia makopo yanaanguka, akatoka na risiti mkononi. "Hizi mèche, hizi nywele, ni zangu!" akapiga kelele. "Nilizinunua Durban, ni mimi mwenyewe nilimpa akafananishe rangi! Nani aliandika asema mtoto aliiba?" Msichana mmoja akageuza macho kunitazama, kisha wote. "Wewe, mwalimu wa barua? Bibi, adui angeandika nini zaidi?"

Chuo kilikuwa kimeshamjibu Espe kabla ya hapo. Fomu yao ya kuthibitisha nafasi ilikuwa na swali: umewahi kutiwa hatiani? Aliandika ukweli, yaani ule tuliomtengenezea. Nafasi akapewa mwingine. Ile barua ya ukutani aliibandua, gundi ikatoka na rangi, pakabaki alama nyeupe ya umbo la karatasi. Hakunigombeza. Tuliendelea kupika kwa zamu. Ila Kiingereza cha usiku kilikoma, nami nililala nikisikiliza kimya cha upande wa pili wa shuka.

Mwezi wa nane aliniamsha alfajiri, amevaa tayari. "Niandikie nyingine," akasema. "Fupi. Espérance hakuiba. Risiti hii hapa. Walioandika kwamba aliiba walikosea. Na watie sahihi walewale." Nilimwambia barua za namna hiyo hazijibiwi. Akasema, "Hilo la kujibiwa niachie miye. Wewe piga chapa." Nikaipiga chapa Doornfontein wakati wa chakula cha mchana. Haikujaza hata nusu ya ukurasa, na chini nikachora mistari ya majina.

Tulianzia kwa Mzee Athumani. Aliisoma akiwa amekaa kwenye cherehani, mguu juu ya kanyagio. Aliisoma mara mbili.

"Binti yangu, hii siwezi."

"Baba, risiti hiyo."

"Risiti nimeiona. Nakuamini. Lakini yuko kijana wa Kigoma, yuko rumande tangu wiki iliyopita kwa simu ya mtu. Barua yake Salma ameshaiandika, iko hapa droo ya juu. Niende leo kwa hakimu yuleyule nimwambie ile ya kwanza ilikuwa uongo, hii ya kijana nani ataisoma?"

"Kwa hiyo miye nibaki mwizi ili yeye atoke?"

"Nani kakuita mwizi? Hapa hakuna aliyekuita mwizi."

"Mmeandika, baba."

Mzee alikanyaga cherehani, ikalia kidogo bila kitambaa, akaiacha. Akasema tuje baada ya kesi ya kijana.

Tulizunguka siku mbili. Muuza vitumbua alisema mume wake amemkataza karatasi. Mwenye spaza, kile kiduka cha kona, alisema atasaini akiona jina la Mzee Athumani juu yake. Mwingine alisema kibali chake kinaombewa upya mwezi huu, hataki jina lake lionekane mahakamani mara mbili kwa maneno mawili. Mama Bijou peke yake ndiye aliyesaini, kwa hasira, kalamu ikatoboa karatasi. Siku ya pili jioni tulikuwa chumbani, shuka limefungwa pembeni, ndagala zinakaangika. Espe akaiweka barua mezani, akaigeuza upande wangu, akaweka kalamu juu yake.

"Bado wewe."

Kibali changu nami kilikuwa kinaombewa upya. Barua ya kijana wa Kigoma ilikuwa na maneno yangu. Na zaidi ya yote hayo, jambo ambalo sikumwambia mtu: ile barua ya kwanza, yenye jina langu, ilikuwa imemgusa hakimu, na tangu siku ile watu waliniita mwandishi. Nikamwambia, "Nitasaini wengine wakishasaini." Ndagala zikaungua kidogo. Espe akazigeuza, akasema, "Ndiyo. Na wao wako wanasema hivyo." Akaikunja barua na jina lake na la Mama Bijou, akaipeleka mwenyewe mahakamani kesho yake.

Jibu lilikuja kabla ya mwaka kwisha, Espe akiwa ameshafunga vitu vyake ahamie kwa Mama Bijou. Aliniletea nimfasirie, kwa kuwa Kiingereza cha ofisi kilimchanganya. Nilisoma nikiwa nimesimama. Ofisi ya mahakama inasema maombi haya yanapingana na maombi yaliyotangulia, ambayo mshtakiwa mwenyewe aliyasaini, na ambayo yaliungwa mkono na watu wengi wa jamii yake, wanaomfahamu vizuri kuliko mtu mwingine yeyote na wasio na sababu ya kumsingizia. Hakuna litakalofanywa.

"Wanaonifahamu vizuri kuliko mtu mwingine yeyote," Espe akarudia. "Wasio na sababu ya kunisingizia. Wazungu hao wamejuaje?"

Nikamwambia hawakujua. Yalikuwa maneno yangu, kutoka barua ya kwanza. Wao waliyanakili tu.